Mizunguko Miwili Iliyobaki

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kupaka mawe. Msicheke. Ilikuwa Gulwe, pale stesheni, na mimi ndevu ndiyo kwanza zinaota, tena upande mmoja. Mkuu wa stesheni alikuwa mtu wa usafi, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Kila aliposikia kwamba mkubwa fulani atapita na treni, alituma mtu nyumbani kuniita. Nilichanganya chokaa na maji na chumvi kidogo, maana chumvi inaifanya ishike, nikapaka mawe yote yaliyozunguka bustani yake. Bustani yenyewe haikuwa na ua hata moja kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi wengi kati ya hao, niseme kweli, walikuwa wa mama yangu.

Safari moja nilipaka wiki nzima. Treni ikaja. Mkubwa alikuwa amelala, mapazia yamefungwa, na treni yenyewe haikusimama. Mkuu wa stesheni akapiga saluti mpaka behewa la mwisho likapotea, kisha akanigeukia.

"Umeona alivyofurahi?"

Nikasema nimeona, mzee. Ningesema nini? Mimi vidole vilikuwa vimechubuka kwa chokaa, na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kuna watu wanataka tu kitu kiwe cheupe na kimenyooka, awepo wa kukitazama au asiwepo. Wakati ule nilimwonea huruma. Sasa hivi mimi mwenyewe niko hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata mto ulifurika kama desturi yake, ukabeba tuta la reli na mawe yangu yote. Abiria walikaa pale siku tatu wanakunywa uji wa uwele wa mama. Mwanamke mmoja alimwachia mama miwani yake kwa shukrani, na mama akaivaa mpaka siku ya kufa kwake, ingawa haikumsaidia kuona kitu. Nikiingia kwenye habari za mama hatutatoka. Nilichotaka mjue ni chokaa tu.

Basi nilikuja Dodoma mjini, nikapanga chumba Chang'ombe kwa wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Nimechuma zabibu za watu, nimebeba zege, nimelinda duka la bwana mmoja ambaye hakuwa na bidhaa. Nimeshakuwa mtu mzima kabisa ndipo chuo kimoja kikatafuta mtu wa kutunza uwanja. Si kile kikubwa cha kilimani, ni hiki kidogo kilicho kando ya barabara ya makaburini. Tulikwenda wanane. Wakauliza nani anajua kuchora mistari. Wenzangu walitoa vyeti. Mimi nina darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nikasema, mimi najua chokaa. Tukapewa kila mtu kipande chake achore. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi mistari iliyobaki ni yangu peke yake. Sikuwaambia habari ya chumvi, na wala sitawaambia.

Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, nyasi ziko upande wa goli moja tu, kwa hiyo timu zikibadilishana upande kuna ugomvi. Kuzunguka ni ua wa minyaa, ule mmea ambao utomvi wake ukikuingia jichoni utamwita mama yako. Upande wa barabarani kulikuwa na pengo kwenye ua. Nililiziba kwa miiba, mbuzi wakalifungua. Nikaziba tena, wakafungua tena. Mwisho tukaelewana, wao wapite asubuhi, mimi nichore mchana.

Timu za chuo zilikuwa nne. Mpira wa miguu, netiboli na mpira wa wavu walikuwa na seti moja ya jezi, waliotoka uwanjani wakizivua wanaoingia wanazivaa zikiwa bado za moto. Ya nne ilikuwa riadha, na timu ya riadha ilikuwa mtu mmoja.

Huyo mtu mmoja ndiye ninayetaka kumwandika. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa pale pale Chang'ombe kwetu, wa zile familia za Waislamu ambao babu zao waliingia na misafara ya biashara zamani wakakaa. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kijana mwembamba, shingo ndefu kama anachungulia ukutani, adabu yake mpaka inakera. Kila akinipita uwanjani alikuwa anapunguza mwendo ili anisalimie.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lakini umeshanisalimia mara tano tangu uanze kukimbia!"

"Kila mzunguko na salamu yake, babu."

Nikamwambia ndiyo maana hashindi, anapoteza muda kwa adabu. Akacheka, na mzunguko uliofuata akaniamkia tena.

Alfajiri alikuwa anakimbia mitaani, akirudi anapita kwenye kona ya muuza kahawa. Huyu muuza kahawa alikuwa mzee kuliko mimi, kutoka huko upande wa ziwa, hana mke, hana mtoto, ana birika, vikombe sita na ulimi. Mimi ni Mkristo na ni Mgogo, na kwa hayo mawili alinitania miaka yote. Akiniona tu, ananiamkia kwa Kigogo: "Mbukwa, mwenye ng'ombe asiye na ng'ombe!" Lakini kijana ndiye aliyekuwa akimfaidi zaidi.

"We kijana, unakimbia hivyo nani kakuibia?"

"Hakuna, babu."

"Basi wewe umemwibia nani?"

Na anammiminia kikombe cha kwanza, na kipande cha kashata, kabla yetu sisi tuliokuwa tumekaa pale tangu giza.

Sasa Kanada iliingiaje? Mwalimu wetu wa michezo alisoma huko, kwenye chuo ambacho, kwa maelezo yake, kina timu kama wizara. Alimpima yule kijana mara nyingi kwa saa, akatuma ule muda wake kwa kocha wa riadha wa chuo kile. Kocha akajibu kwamba muda ni mzuri sana, na kwa kuwa ni mzuri sana anataka kuuona kwa macho yake. Akikuta ni kweli, kijana atapata nafasi kwenye timu ya chuo, masomo juu yao, chakula juu yao, mpaka viatu. Nafasi ilikuwa imebaki moja, na kocha alikuwa na nchi nyingine ya kwenda.

Kijana alituletea habari hizo kwenye kahawa. Muuza kahawa alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huko Kanada kuna nini?"

"Kuna baridi, babu."

"Kama ya hapa mwezi wa saba?"

"Barafu, babu. Mpaka kiunoni."

"Utakimbia kwenye barafu kama kuku juu ya bati! Na ukifa huko, nani atakubeba?"

"Watu wapo, babu."

"Watu wapo kila mahali. Nimekuuliza nani atakubeba."

Mimi nikasema mzee, mwache mtoto, hajaenda hata kuchukua pasipoti unamzika. Tukacheka, muuza kahawa mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile alikuwa nacho tangu mvua.

Kocha akaja. Nilitegemea mwanaume mwenye kifua. Akashuka mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, goti moja limefungwa bendeji, anachechemea. Alikuwa amefundishwa neno moja, shikamoo, na alimwamkia kila mtu, mimi, mlinzi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata mtoto wa mama ntilie. Wanafunzi walikimbia kwa aibu. Nilimpenda hapo hapo.

Alikaa na mimi kwenye benchi siku nzima ya kwanza, mwalimu anatafsiri, akanionyesha timu zao kwenye simu. Jamani. Kuna timu ya kucheza na magongo juu ya barafu, wamevaa magodoro mwilini, wanagongana kama mafahali, na hao ni wanafunzi, asubuhi wanakwenda kusoma hesabu. Kuna ya kuogelea, ya mpira wa kikapu, za wasichana na za wavulana, na wasichana wana basi lao. Wote jaketi moja lenye mnyama kifuani. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kufua jezi tu. Kuna daktari wa miguu tu. Na mchezaji akifeli mtihani anakaa nje, hata awe na mbio za swala. Kuna ukuta mrefu wenye picha za wachezaji wote tangu zamani, wengine wameshakufa. Nilimuuliza kama mtunza uwanja wao yuko kwenye ukuta. Mwalimu akatafsiri, kocha akasema hapana, na kwamba hilo ni kosa. Nikamwambia asijali, mimi hata hapa ukuta hatuna.

Alikuwa na wasiwasi wake pia yule mama. Alisema walishachukua wakimbiaji kutoka mbali, wengine wakakaa vyumbani wanalia kwa upweke, na yeye alikuwa anapika wali nyumbani kwake awaite. Alimuuliza kijana: "Utaweza kukaa mbali na watu wako?" Kijana akasema ataweza.

Majaribio yalipangwa asubuhi ya siku ya pili, saa moja, kabla ya jua kali na upepo. Nilichora mistari usiku wa kuamkia siku hiyo kama mtu anayeozesha binti. Lakini alfajiri mwalimu akanipigia, tumbo la kocha limechafuka, hawezi kutoka chooni, sisemi kwa ubaya, maji yetu yana chumvi. Mbio zikasogezwa mpaka saa kumi jioni. Na kocha alikuwa anaondoka na treni ya saa kumi na mbili. Hakukuwa na siku nyingine.

Nikatoka niende kunywa kahawa. Kwenye kona birika halikuwepo. Walikuwepo vijana watatu wamesimama, na mmoja akaniambia mzee amefariki kabla ya adhana ya alfajiri, kifua kimembana. Atazikwa leo, wakishaswali Alasiri.

Alasiri ni saa kumi hiyo hiyo.

Kijana alinikuta uwanjani mchana. Alikuwa ametoka kwenye msiba, macho mekundu. Akauliza, "Babu, nifanyeje?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli wangu, maana nimezunguka sana. Nilimwambia hivi: "Wewe kimbia. Mtaa mzima umekunywa kahawa yake, mtaa mzima utamzika. Marehemu hana haraka na hatakulaumu. Ukimaliza utakwenda makaburini, utatia udongo." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akasema, "Sawa, babu." Kama nilivyowaambia, adabu yake mpaka inakera. Mzee akishasema, yeye amekubali.

Nisichokijua ni kwamba asubuhi hiyo hiyo alikuwa amefariki mfanyabiashara mmoja mkubwa kule mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, mwenye maduka na magari ya mizigo, naye anazikwa saa ile ile kwenye makaburi mengine. Kila mtu wa Chang'ombe alisema moyoni kama nilivyosema mimi: kwa muuza kahawa watu hawatakosekana. Wakapanda magari wakaenda Kikuyu.

Saa kumi tulikuwa tayari. Mita elfu tano, ambazo kwenye uwanja wetu ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Ile nusu inaanzia upande wa barabara, mimi nilikuwa mwisho, upande wa pili, kazi yangu kuhesabu. Sihesabu kwa kichwa. Niliweka mawe kumi na mawili mfuko wa kulia, ile nusu ikishaisha, kila akimaliza mzunguko nahamisha moja kushoto. Kocha alisema akikimbia chini ya dakika kumi na nne na nusu nafasi ni yake, barua ataisaini pale pale kwenye benchi. Barua nimeiona, ilikuwa kwenye bahasha nyeupe, ameikalia isipeperushwe na upepo.

Alikimbia peke yake, hakuna wa kumvuta wala kumsukuma. Mimi nimetazama wanadamu wakikimbia uwanja ule miaka mingi, wengi wanakimbia kama wamefungwa kitu. Yule siku ile alikuwa kama maji yanayoteremka. Mzunguko wa kwanza hakuniamkia. Nikafurahi. Wa pili hakuniamkia. Jiwe, jiwe, jiwe. Nilipobaki na mawe matano kocha alisimama, na lile goti lake. Nilipobaki na mawili alisema neno, akampiga mwalimu begani.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema kwa mwendo huu hata akisimama kukohoa ataingia!"

Nikaona Kanada yote mbele yangu, na barafu yake, na yule mtu wa kufua jezi.

Ndipo nikasikia sauti barabarani. Kwetu jeneza likipita unasikia umati kabla hujauona, La ilaha illallah, sauti za wanaume mia kama mawe yanayobingirika. Hizi zilikuwa sauti chache, zinahesabika, zimechoka. Nikatazama juu ya minyaa. Jeneza lenye kitambaa cha kijani, na watu saba. Shehe, mzee kama mimi. Mwalimu wa madrasa. Muuza mkaa. Mmoja anatembelea gongo. Wengine siwajui.

Kama hujakaa na watu hawa, nikueleze. Jeneza haliwi la mtu mmoja. Unalipa bega hatua saba, nane, mwingine anakuja kwa mbio anakupokea, unarudi nyuma, unakuja tena. Hata anayepita njia na safari zake anaingia, anabeba hatua zake, anaendelea. Ndiyo maana linakwenda haraka, linaelea juu ya mikono. Mimi mwenyewe na ukristo wangu nimeshatoa bega mara nyingi. Lile halikuelea. Wanne walewale walikuwa wamelibeba tangu msikitini, na wa mbele kushoto alikuwa mfupi, kwa hiyo limeinama, na marehemu anakwenda kichwa chini kidogo kama anayetafuta kitu alichodondosha. Na kuliweka chini njiani hawakutaka.

Kijana alikuwa anakunja kona ya upande wa barabara. Aliliona. Akapunguza, kama alivyokuwa akipunguza kwa ajili yangu. Kisha akasimama.

Mimi nina ngiri, daktari alishanikataza kukimbia. Nilikimbia. Nilikata uwanja katikati, nikakanyaga mistari yangu mwenyewe.

"Mjukuu wangu! Mizunguko miwili tu! Maliza, utawakuta makaburini!"

Alikuwa anahema, anatazama juu ya minyaa.

"Babu, hawana wa kumpokea."

"Dakika mbili na kidogo! Mimi ndiye niliyekwambia, dhambi ni yangu!"

"Najua, babu." Kisha akasema, "Naomba shuka lako."

Alikuwa na bukta, mapaja wazi, na maiti haisindikizwi hivyo. Nilikuwa na shuka langu la begani, jekundu, la kuzuia upepo. Ningeweza kumnyima. Nilifikiri kumnyima, naandika hapa mjue. Kisha nikalivua nikampa. Akajifunga kiunoni, akavua vile viatu vya mbio, akaviweka juu ya mstari wangu, vimelingana kama viatu mlangoni pa msikiti, akapita kwenye pengo la mbuzi.

Yule mfupi alipopokewa alikaa chini kabisa barabarani. Jeneza likanyooka.

Kocha na mwalimu walikuwa wamefika. Saa mkononi mwa kocha ilikuwa bado inakimbia. Akauliza, mwalimu akajibu, akauliza tena.

"Anasema, ni babu yake?" mwalimu akaniuliza, ingawa alijua.

"Mwambie hapana. Alikuwa anauza kahawa."

Mwalimu akamwambia. Yule mama alitazama watu wale wanane. Bahasha alikuwa ameishika, upepo unaivuta. Kisha akauliza jambo, pole pole, na hilo nilielewa kabla halijatafsiriwa.

"Anauliza, atarudi? Anaweza kungoja mpaka saa kumi na moja na nusu."

"Makaburi si mbali," nikasema.

Tukasimama pale kwenye pengo. Kijana alikuwa na bega la mbele, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumpokea hakutoa bega lake baada ya hatua saba, wala baada ya sabini. Mfukoni nilikuwa na mawe mawili. Walifika pale barabara inapokunja kwenye kibanda cha mkaa, shuka langu jekundu mbele. Hakugeuka kututazama. Uwanjani hakurudi, siku ile wala siku nyingine.